Maji ya Kanyungu

Liévin Kisimba alikuwa mtu wa wasiwasi, na heri tuliseme mapema, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakulificha. Akifunga mlango, alirudi kuusukuma. Akipokea barua, aliinua bahasha juani kwanza, aone kama ndani kuna neno la msiba. Jirani zake wa Kamalondo, mtaa wa Waafrika mjini, walimtania kwamba siku ya ufufuo yeye atabaki kaburini kidogo, aulize kama tarumbeta ni ya kweli.

Lakini wasiwasi huohuo ndio uliompatia mkate. Mwaka 1947 Madame mmoja wa Bel-Air, mtaa wa wazungu, mjane wa daktari, alikuwa akitafuta mchoraji asiyeruka kitu. Alitaka kutunga kitabu cha vyombo vya nyumbani vya watu wa Katanga: miiko, nyungo, vichana, mitego ya samaki, vikapu vya chumvi. Vinyago hakuvitaka, vilikuwa na wapenzi wake tayari. Yeye alitaka vitu ambavyo hakuna mtu anavitazama, na alitaka kila kimoja kichorwe kwa rangi za maji, kwa ukubwa wake halisi, pamoja na nyufa zake, masizi yake na kiraka chake. Wachoraji wawili waliomtangulia Liévin walikuwa wakivipamba vyombo, wakivifuta vumbi na kuziba matundu. Madame aliwashukuru, akawafungulia geti.

Liévin hakuziba tundu hata moja. Angewezaje, naye aliogopa kusema uongo hata kwa penseli? Alizaliwa karibu na Pweto, ziwani, akaletwa mjini na baba yake aliyekuja kutandika reli. Mama yake alikufa njiani, na mapadri wakamlea. Walimfundisha kusoma, kuhudumia misa na kuandika kwa rangi yale maneno makubwa ya Pasaka yanayotundikwa juu ya altare. Kazi yake ya kwanza kwa Madame ilikuwa mtego wa samaki wa kwao. Aliuchora siku tano, akahesabu kila fito. Madame aliuweka mchoro kando ya mtego, akatazama huku na huku, kisha akasema maneno mawili ya Kifaransa ambayo tangu siku hiyo yalikuwa sheria ya chumba kile: «Tel quel.» Vile kilivyo.

Alikuwa pia na desturi yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemfundisha. Hakuweza kuchora chombo asichokitumia. Ungo aliupepeta kwanza, hata bila nafaka. Mwiko aliukorogea hewa. Na chombo cha maji alikijaza maji, akachovya brashi humohumo mpaka mchoro ukaisha, ili chungu kichorwe kwa maji yake chenyewe. Alisema bila hivyo mkono wake haujui uzito. Madame alimwona, akatabasamu, akamwacha.

Sasa tuingie mwaka 1954, mwezi wa tisa, joto limeanza na mvua bado. Mke wake Régine alikuwa na mimba ya miezi minane. Walikwisha kuzika watoto wawili, mmoja siku aliyozaliwa na mwingine akiwa na miezi mitano, ameanza kucheka. Kwa hiyo kama zamani wasiwasi wa Liévin ulizurura bila anwani, sasa ulikuwa na anwani. Kila jioni aliweka mkono juu ya tumbo la mkewe na kungoja. Mtoto akipiga teke, Liévin alikula. Asipopiga, sahani ilipoa.

Jumanne moja Antoine, aliyekuwa akimzungukia Madame mitaani kununua vyombo, alileta kikapu cha vitu, na chini kabisa mlikuwa na chungu kidogo. Kiliingia katika viganja viwili. Chini kilikuwa cheusi kwa moto, lakini ndani kilikuwa safi, hakina hata harufu ya mboga.

«Iko nini?» aliuliza Liévin, kalamu ikingoja juu ya kijikaratasi cha jina.

«Bamama banasema iko kanyungu tu, nyungu ya kidogo,» alijibu Antoine. «Nikiwauliza ya kupika nini, banageuza macho, banacheka.»

Basi Liévin akaandika: Kanyungu, nambari 112, matumizi hayajulikani. Akakijaza maji, akachovya brashi, akaanza. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Tangu azaliwe hakuwahi kuchora kitu kikamtii hivyo. Weusi wa chini ulikubali kuwa mweusi bila kuwa kaa, na wekundu wa shingo ulitoka kwenye brashi kana kwamba ulikuwa humo tangu zamani. Alifurahi, kisha akaogopa kwa kuwa amefurahi, maana ndivyo alivyokuwa.

Alhamisi saa sita Régine alitoka kupimwa tumbo, akapita Bel-Air kumletea chakula. Aliingia kwa mlango wa nyuma, amebeba bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo katika kitambaa. Hakufika mezani. Alisimama kizingitini, akitazama chungu, na brashi mbili zimesimama ndani yake.

«Baba,» alisema polepole. «Ile kintu umeitoa wapi?»

«Antoine ameileta. Kanyungu. Juu ya nini unauliza?»

«Mukono wako umeingia mule?»

«Maji yangu ya rangi iko mule. Siku tatu sasa.»

Régine aliketi palepale chini, kizingitini, chakula mapajani. Mama yake alikuwa mtu wa upande wa Luapula, na mambo ya huko aliyajua kabla hajaolewa. Akamweleza mumewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema jina la marehemu.

«Ile iko nyungu ya ndoa. Binti akiolewa, banamupatia. Usiku, kisha kulala pamoja, muke anatia maji, bote babili banaishika, banaiweka ku moto. Kisha bibi anamimina ku mikono ya bwana yake, bananawa. Njo kazi yake, haina ingine. Hakuna muntu mwingine anaiona. Hata mutoto wao. Wakikuuliza, unasema kanyungu tu, basi. Mama yangu alitaka kunipatia yangu, hukumbuke? Weye ulikatala. Ulisema iko mambo ya bapagani.»

Alikumbuka. Alikikataa chungu cha mkewe bila hata kukitazama, akaona fahari mbele ya padri, na sasa ameketi siku tatu akiosha brashi katika cha mtu mwingine. Asiyejua maana haambiwi maana, wahenga walisema, na mapadri hawakuwa na maana hiyo ya kumwambia.

«Mukono wako umeingia mu ndoa ya bengine,» alisema Régine. Alikuwa analia sasa, na alikuwa na hasira pia. «Na mangaribi, mukono ule ule unanishika tumbo.»

Jioni ile Liévin hakumgusa. Alilala kwenye mkeka upande wa mlango, mikono ameikunja kwapani kama vitu vya wizi. Alitaka kumwuliza Régine kama mtoto amecheza, akashindwa. Alisali, lakini hata sala ilimtia shaka: amwambie Mungu nini? Kwamba anaamini chungu? Padri angemwambia ni ushirikina, na aliamini padri anasema kweli. Pia aliamini alichosema Régine. Kuna watu moyo wao una chumba kimoja. Wa Liévin ulikuwa na viwili, na usiku ule vyote viwili vilivuja.

Ijumaa asubuhi alimwendea Antoine kabla ya kazi. Chungu kimetoka kwa nani?

«Kwa Mama Ngosa,» alisema Antoine. «Bwana yake, Chola, alikufa mwezi wa nane. Wakati mama iko ku malalo anazika, bandugu ya bwana bakakomba nyumba yote, bakauzisha bintu. Miye nilinunua kikapu, sikujua iko nini chini. Sasa mama anaishi kwa dada yake hapa hapa Kamalondo, na kila siku anakuya kuniuliza.»

«Anauliza nini?»

«Kanyungu yake. Nikamwambia iko ku Bel-Air, iko muntu anaichora. Kisha akaniuliza kama ule muntu anachoraka bintu vile biko. Nikasema ndiyo, vile biko kabisa.»

Mtu mwingine angeuliza tena: kwa nini anataka kujua? Liévin hakuuliza, alikwisha jijibu. Mama yule alikuwa na aibu ya kuvuliwa nguo, na aliyemvua ni yeye. Si maji tu. Ni mchoro wenyewe. Chungu ambacho hata mtoto wa nyumba hakioni, yeye amekichora kwa ukubwa wake halisi ili watu wa Bulaya wakitazame wakinywa kahawa. Laana ya mjane ataiweza nani? Na tumbo la Régine lilikuwa limeshuka tayari.

Siku ileile alijaribu kwa Madame. Alisema chungu kimeuzwa bila mwenyewe kujua, na ni kitu cha faragha, na labda ingefaa kirudi. Madame alimsikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Alisema sanduku la vyombo na michoro linaondoka Jumatatu kwa treni kwenda Ulaya, na mama yule atalipwa, atalipwa vizuri. Kisha akauchukua mchoro nambari 112, akaupeleka dirishani, akakaa nao muda mrefu.

«Huu ndio bora kuliko yote uliyonifanyia,» alisema. «Utakuwa ukurasa wa kwanza.»

Sifa hiyo aliingojea miaka saba. Ikamwingia moyoni, ikamfurahisha, na furaha yenyewe ikamtia aibu kuliko kosa.

Jumamosi saa nne Madame alikwenda mjini madukani. Liévin alifunga mlango, akarudi kuusukuma. Akaulaza mchoro juu ya ubao, akaleta beseni la maji ya bomba na sponji.

Rangi za maji, kwenye karatasi nzuri ya pamba, hazifi haraka. Aliloanisha, akangoja, akabonyeza sponji, akaikamua. Wekundu wa shingo ulitoka wa kwanza, ukayageuza maji ya beseni kuwa maji ya udongo. Kahawia ikafuata. Weusi wa masizi ulikataa. Alisugua, akabadilisha maji, akasugua tena, machozi yanamtoka na hakujua kama analilia mchoro au mtoto. Mwishoni karatasi iliota manyoya, na pale kilipokuwa chungu pakabaki kivuli cha kijivu ambacho hakuna ambaye angejua kilikuwa nini. Akauacha ubao mezani. Akakifuta chungu, akakifunga katika shati lake la Jumapili, akakitia katika mfuko, akapanda baiskeli.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini kunguru huyu hakukimbia mbali. Kwenye njia ya kutoka Bel-Air askari alimsimamisha. Alitaka buku yake ya kazi, akaisoma, halafu akaonyesha mfuko kwa fimbo. Mtu mweusi, mfuko uliovimba, anatoka nyumba za wazungu: hesabu ya askari ilikuwa fupi.

«Mule muko nini?»

Liévin angesema chakula. Angesema dawa. Lakini uongo haukumjia, alikuwa hana mazoezi.

«Kanyungu,» alisema.

Askari alikwisha ingiza vidole chini ya shati. Akavitoa kama aliyegusa jiko. Alikuwa mtu wa makamo, na sura yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliyefungua mlango akakuta wakubwa wanaoga. Hakuuliza cha nani wala kinakwenda wapi.

«Pita, ndugu,» alisema akitazama barabara. «Pita mbio.»

Mama Ngosa alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama hamsini, amenyoa kichwa kwa msiba, ameketi mlangoni kwa dada yake akichambua maharagwe. Liévin aliegemeza baiskeli, ikaanguka, akaiegemeza tena. Alijitaja jina, na kabla hajasema lingine mama yule alikwisha uona mfuko. Alisimama. Alipopokea alipiga magoti yote mawili, akanyoosha mikono yote miwili, akakichukua ndani ya shati bila kufungua.

Akaenda nacho nyuma ya nyumba, peke yake. Liévin alisikia jiwe mara moja, kisha mara ya pili. Kisha jembe. Alipojitokeza alikuwa amenawa mikono, na shati lilikuwa limekunjwa vizuri, akamrudishia.

Hapo Liévin akashindwa kujizuia. Yalimtoka yote, maji, brashi, siku tatu, Régine, makaburi mawili madogo, tumbo lililoshuka. Alimwomba amwachilie mtoto. Kama ni adhabu, imshike yeye, imkaushe mkono, lakini mtoto amwachilie.

Mama Ngosa alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa.

«Mutoto wako anaingia wapi mule?» aliuliza. «Ile nyungu ilikuwa ya miye na Chola. Bila moto yetu, bila mikono yetu, iko udongo. Weye ulitia maji, ukatoa maji. Kwenda ushike bibi yako tumbo, muntu wa Mungu, anakungoja.»

Liévin akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Niseme hapahapa yaliyofuata, nisije nikayarudia: Madame alimwachisha kazi Jumatatu, bila kupiga kelele, na jambo hilo lilimwuma zaidi kuliko kelele. Tangu hapo mpaka uzeeni aliandika majina ya maduka na ya baa, na wenye maduka walilalamika kwamba akichora chupa huchora na vumbi lake. Régine alijifungua wiki ya tatu baada ya hapo, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, wakamwita Delphine. Lakini Jumamosi ile, juu ya kinu, Liévin hakuwa na habari ya hayo. Alikuwa anahisi mzigo ukimtoka mabegani, na karibu angecheka.

«Na picha?» aliuliza Mama Ngosa.

«Nimeiosha, Mama!» Alijibu haraka, kwa fahari, maana hilo ndilo lililomgharimu. «Yote. Hakuna muntu ataiona, wala hapa wala ku Bulaya.»

Mama Ngosa alimtazama.

«Umeiosha.»

«Ndiyo, Mama. Kwa ajili yako.»

Aliketi tena mlangoni, akachukua ungo wa maharagwe, akauweka chini bila kuchambua.

«Nyungu nilijua nitaivunja,» alisema. «Bwana amekufa, inavunjika, vile mama yangu alifanya yake. Sikukuya kwa Antoine juu ya nyungu tu. Chola hana foto. Hatukupigwaka hata siku moja, alisema tutapigwa Noeli, kila mwaka Noeli. Nikasikia iko muntu anachora kintu vile kiko. Nikasema, basi, kutabakia kintu kimoja. Ningeificha mu sanduku yangu. Ningeiangalia peke yangu.»

Maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna aliyemwambia Liévin aoshe. Aliuliza kila kitu maishani mwake, mlango, barua, tarumbeta, na neno moja lililohitaji kuulizwa hakuliuliza. Alifungua kinywa kuomba msamaha, na mama akamkatisha kwa mkono.

«Uliiangalia siku ngapi?»

«Tatu.»

«Asubui mpaka mangaribi?»

«Asubui mpaka mangaribi.»

«Basi sema.»

«Niseme nini, Mama?»

«Vile ilikuwa.»

Alianza vibaya. Alisema ilikuwa nyeusi chini, nyekundu juu. Mama Ngosa alitikisa kichwa. «Zote ziko nyeusi chini. Sema yangu.»

Liévin akafumba macho. Vidole vyake vilijikunja juu ya goti kama vimeshika brashi. Alisema kwamba ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto, kwa hiyo maji yalisimama juu zaidi upande mmoja. Alisema chini ya mdomo kulikuwa na alama ya kidole, kidogo sana, iliyobaki udongo ulipokuwa mbichi, na kwamba alama ile ilimchukua asubuhi nzima.

«Njo kidole yangu,» alisema Mama Ngosa. «Nilikuwa binti, shangazi alikuwa anaifinyanga, nikaigusa nione kama imekauka. Akanipiga.»

Alijifunika uso kwa kikwembe. Liévin, akidhani amemwumiza, akaanza kuinuka.

«Kaa,» alisema mama ndani ya nguo. «Haujamaliza.»